Maziwa Yasiyo na Mtoto

Tulimzika mama mkwe Jumanne, na kufika Alhamisi nilikuwa nimesikia sifa zake mpaka nikataka kutapika. Sisemi hivi kwa furaha. Marehemu ni marehemu, tumwombee apumzike. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye mkeka katika sebule ile ile ya Gisenyi, harufu ya sambaza, vile visamaki vya ziwani, ile ile imeganda ukutani, na wanawake wanasimama mmoja baada ya mwingine kueleza jinsi Maman Stani alivyowaletea watoto. "Ile dawa yake, eh! Nilikunywa, nikapata mapacha." Mwingine anafuta machozi, anasema hospitali zote zilimshinda ila chupa ya yule mama. Hapo wifi yangu Verediana, dada mkubwa wa mume wangu, akanyoosha kidole kwangu mbele ya watu wote: "Na wa kwanza kabisa ni uyu Mutanzania wetu. Bila ile dawa angekuwa tu tasa mpaka leo." Shingo zote zikanigeukia. Nilitabasamu kwa meno tu. Jirani akaninyooshea kikombe cha maziwa, nikakataa, naye akanuna, maana katika nchi hii kukataa maziwa ni utovu wa adabu. Na akanune. Mimi maziwa siyanywi tangu mwaka wa tisini na nane.

Ningeendelea kutabasamu mpaka jioni kama binti yangu Solange asingetoka jikoni amekumbatia chupa kubwa ya bia iliyozibwa kwa gunzi la mhindi. Solange aliolewa Rugerero mwaka juzi, na bado hajapata mtoto. Akachuchumaa kando yangu, akaninong'oneza: "Mama, ni ya mwisho aliyoipika bibi. Shangazi amenitunzia." Akalegeza gunzi kidogo anionyeshe. Loo! Harufu ile ilinipiga puani, nikashika mkeka kwa mikono miwili. Miaka yote hii nilidhani kwangu imekwisha.

Mwaka ule nilikuwa bibi arusi mpya. Nilikuwa nimerudi Rwanda kutoka Tanzania na Kiswahili changu cha shule, nikaolewa na Stani, fundi seremala, katika nyumba iliyojaa Kiswahili cha Goma, mji wa Kongo ng'ambo ya mpaka, kwa sababu mama mkwe alizaliwa upande ule na biashara yake ilikuwa upande ule. Alfajiri alinunua sambaza kwa wavuvi ziwani, akawabeba mpaka ng'ambo ya mpaka, mchana akarudi na unga, sabuni na habari. Samaki waliobaki walianikwa uani, na mvua ikinyesha walianikwa ndani, kwenye sakafu ya korido, mbele ya chumba chetu. Chumba chenyewe hakikuwa na mlango. Kilikuwa na pazia la maua, na nyuma ya pazia hilo kila mtu wa nyumba ile alijua kama tumelala au tumeamka. Asubuhi Verediana alikuwa ananitazama tumboni kabla hajaniamkia. "Bado?" anauliza. Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu.

Tumbo langu lilikuwa na kazi nyingine. Lilikataa samaki wale. Nikimaliza kula, kiungulia kinapanda, kichefuchefu kinafuata, naenda kujishikilia ukuta wa choo. Mama mkwe alinionea huruma, na hapa lazima niwe mkweli, ilikuwa huruma ya kweli. Aliniletea kutoka Goma vidonge vyeupe, havina boksi wala jina, vimefungwa katika kipande cha gazeti. Kule kidonge wanakiita kinini. "Kunywa iyi kinini, mutoto yangu. Inatulizaka tumbo muzuri sana." Na kweli ilituliza. Basi vikawa sehemu ya meza kama chumvi. Asubuhi kabla hajashika njia ya mpakani, anafungua pindo la kitenge chake, ananiwekea kimoja kiganjani. Magharibi akirudi, kingine. Alikuwa anangoja nimeze ndipo akae. Hakuna aliyewahi kunitunza hivyo tangu nirudi Rwanda, nami nilimeza kwa shukrani.

Kisha siku zangu zikakoma. Jamani, furaha iliyoingia nyumba ile! Verediana alinipokonya ndoo ya maji. "Bon, sasa iko na mimba. Muache kumutumikisha." Niliwekewa kiti chenye mto, nikapewa minofu ya sangara, majirani wakaanza kupita kunitazama mashavu. Mimi mwenyewe niliamini. Nilifuma hata kofia ndogo ya sufu nyuma ya lile pazia. Miezi ikapita, tumbo likabaki bapa kama ubao wa Stani. Mto ukaondolewa kwenye kiti, sangara akarudi kwa wanaume. Hakuna aliyesema neno mbele yangu, lakini pazia halizibi masikio. "Iko kavu," nilimsikia Verediana akimwambia mama yake huku wakichambua maharage. "Damu imemukauka. Inafaa kumufungua." Nilikumbatia magoti kitandani. Kavu. Kama vile mimi ni kisima.

Ndipo chupa ilipoanza. Ndani yake mlikuwa na umubirizi, yale majani machungu ambayo hata mbuzi huyatema, na nyongo, na kitu cha tatu ambacho sikukijua mpaka asubuhi moja nilipomsikia wifi uani akilalamika kwamba ng'ombe wa jirani leo amekojoa kidogo. Basi nikajua. Nilikuwa nakunywa mkojo wa ng'ombe, kikombe kizima, nimesimama jikoni huku mama mkwe ameshika kidevu changu. Ulikuwa wa siku nyingi, umechacha, unakwangua koo na kupanda puani. Nilitapika kwenye majivu. Nilitapika kwenye karai la vyombo. Na nikitapika, mama wa watu anahangaika: "Pole, mutoto, pole. Ongeza kinini, juu dawa ikae mu tumbo." Basi nikawa nakunywa vidonge ili niweze kunywa mkojo. Nikikumbuka leo nacheka, lakini si kicheko kizuri.

Maziwa yalitoka siku ya Jumapili, kanisani. Nilihisi kifua kinanichonyota, nikainama, nikaona doa bichi kwenye blauzi, kisha la pili upande wa pili. Nilifunika kwa kitenge nikadhani ni jasho. Nyumbani nilijifinya mwenyewe nyuma ya pazia, tone jeupe likasimama kwenye ngozi. Mwili wangu ulinitia kinyaa. Nilihisi mtu mwingine anaishi ndani ya ngozi yangu na anafanya mambo yake bila kunishirikisha. Nilianza kujifunga vitambaa kifuani na kuvifua kwa siri, lakini jua la Gisenyi si la kutegemea, vitambaa havikukauka, vikachacha, na mimi nikaanza kunuka maziwa yaliyolala. Katika nyumba yenye pua kama ya Verediana, ningejificha wapi?

Walinishika jikoni mchana, nimepiga magoti napuliza moto. Verediana alisimama mlangoni, mama yake mbele yangu. "Fungua ile blauzi." Nilidhani nimesikia vibaya. Nikabaki nimekodoa macho, na wifi akainama akafungua vifungo mwenyewe, akanikamua kama mtu anayepima ng'ombe mnadani. Maziwa yakaruka yakaangukia kwenye jiwe la jiko, yakachemka. Alichovya kidole, akakiweka mdomoni. Ptu! "Amashereka," akasema, kwa Kinyarwanda, maziwa ya mama. "Ni amashereka ya kweli." Mama mkwe akakaa chini kwenye kigoda polepole. Uso wake ulibadilika, na ile huruma yote niliyoizoea ikaondoka mbele ya macho yangu.

"Mutoto iko wapi?" akaniuliza.

"Mtoto gani, mama?"

"Maziwa haitokake bure. Uko mutu ulizaa. Ulimuacha kule Tanzania, ao ulimufanya nini?"

Ulimfanya nini. Mwaka ule, katika mji ule, ambako kila nyumba ilikuwa na watu wake waliopotea vitani, waliniuliza mimi nimemfanya nini mtoto. Niliapa kwa Mungu. Niliapa kwa mama yangu. Verediana alifuta kidole chake kwenye sketi akasema wezi wote huapa.

Jioni Stani alikaa ukingoni mwa kitanda na vumbi la mbao kwenye nywele. Nilimngoja aseme kitu cha mume. Akasema, "Sema tu ukweli. Mi sitakasirika. Kama iko mutoto, tutamuleta." Alidhani ananifanyia wema! Nikamwambia, "Stani, wewe unajua ulivyonikuta. Hakuna mwingine anayejua ila wewe." Akatazama viatu vyake. Alijua vizuri sana, lakini kati ya anachokijua yeye na anachokisema mama yake, alichagua viatu. Katika yote ya mwaka ule, mkojo wa ng'ombe na kidole cha wifi, hakuna kilichonichefua kama kile kichwa kilichoinama.

Wakaitana wanaume wa ukoo. Walikaa sebuleni kuzunguka chungu cha urwagwa, pombe ya ndizi, wakipokezana mrija mmoja mdomo kwa mdomo huku wakijadili kizazi changu. Nilikuwa koridoni na sahani ya ndizi na maharage, nasikia kila neno. "Tumurudishe kwao." "Kuko binti moja wa Rugerero, mama yake alizaa mpaka akachoka." "Stani anasema nini?" Jibu la Stani lilikuwa mrija ukinyonya hewa chunguni. Mguu wangu ulikanyaga sambaza mmoja pale sakafuni, akavunjika kwa sauti ndogo, na hapo hapo woga ukaniisha. Kurudishwa kulimaanisha kubeba jina hilo maisha yangu yote: aliyezaa akatupa. Hakuna mwanamume ambaye angenioa, hakuna mama ambaye angeniachia hata mtoto wake nimbebe.

Niliingia, nikaweka sahani katikati yao. "Kabla hamjanirudisha," nikasema, "nipelekeni kwa daktari aseme kama tumbo hili limewahi kuzaa. Akisema limezaa, nitaondoka kwa miguu yangu, wala sitaaga." Walinitazama kama kiti kimesema. Barabara ya kwenda Kigali siku zile haikuwa ya kuthubutu kwa sababu ya waasi, lakini Goma iko pale, unavuka tu. Mama mkwe akasema, "Nitaenda naye mi mwenyewe. Nitasikia na masikio yangu." Alitaka ushahidi. Mimi pia.

Daktari alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa plasta. Kitanda kilikuwa cha baridi, na mama mkwe alisimama miguuni pangu akichungulia mpaka daktari akamwomba aende nyuma ya pazia. Mapazia na mimi mwaka ule! Alipomaliza aliosha mikono, akasema kwa sauti ya kusikika: "Maman, uyu hajawahi kuzaa. Mulango wa kizazi haujapitiwa na mutoto hata siku moja." Nilifumba macho nikalala pale pale bila kujifunika. Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu katika nyumba yetu aliyewahi kuniuliza.

"Unakunywaka dawa gani?"

Nikamtajia chupa. Alikunja pua. "Ingine?" Nikasema hakuna. Sikudanganya, nilikuwa nimesahau kabisa, maana nani huhesabu chumvi? Nyuma ya pazia mama mkwe akasikika, amekasirika kidogo kwa kunyimwa sifa zake: "Aa, docteur, anasahau uyu. Iko kinini. Mi ndo namupatiaka, asubui na mangaribi. Haikosekanake." Akatokea, akafungua pindo la kitenge, akakikunjua kile kipande cha gazeti mezani kwa fahari.

Daktari alikigeuza kidonge kimoja kiganjani muda mrefu. Kisha akakaa. Alisema taratibu, bila kumdharau mtu, kwamba kinini ile ni ya tumbo kweli, lakini mtu akiitumia miezi na miezi inakidanganya kichwa. Kuna homoni ya maziwa ambayo kichwa kinaifungulia mwanamke anapozaa. Kinini ile inaifungulia bila mtoto. Maziwa yanatoka, hedhi inakatika, na mimba haiwezi kushika kwa sababu mwili unaamini tayari una mtoto wa kunyonyesha. "Mashine ya kupima iyo homoni hatuna hapa," akasema. "Tuanze na kuacha. Na ile chupa pia, tafazali, umwage." Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Changu kilikuwa kwenye nguo ya mama mkwe, kimefungwa fundo, kinanijia kila asubuhi na neno "mutoto yangu".

Nilimtazama. Nilitaka aseme kitu, hata "kumbe" tu. Alikusanya vidonge vyake kimoja kimoja, akavirudisha kwenye gazeti, akafunga pindo. Tulipofika kwenye foleni ya mpakani ndipo akatamka, "Ule docteur ni mutoto sana." Mbele yetu alisimama mwanamke mwenye kikapu cha mkaa, amejishika tumbo. Mama mkwe akamuuliza anaumwa nini. Tumbo, akasema. Naye akaanza kufungua pindo.

"Mama!" nikapiga kelele.

Akanigeukia kwa mshangao wa kweli. "Uyu anaumwa tumbo. We unaumwa nini?" Akampa, na mwanamke akamshukuru kwa mikono miwili. Mtu mbaya ningemchukia nikapumzika. Huyu alikuwa mwema, na wema wake ulikuwa unatembea na kitenge mpakani kote, ukigawa.

Nyumbani alisema ukweli nusu. Alisimama sebuleni akatangaza kwamba mimi ni safi, sijazaa, na mwenye kusema tena atamjua yeye. Kwa hilo nilimshukuru. La kinini hakuligusa. Mimi niliacha kumeza. Maziwa yakapungua, yakakauka, na asubuhi moja nikaona damu kwenye nguo ya kulalia, nikaifua nikiimba kama mwehu. Stani aliuliza naimba nini, nikamwambia aendelee na mbao zake. Hakuwahi kuniomba radhi. Alinichongea mlango, mlango wa kweli wenye kitasa, na lile pazia la maua nikalifanya tambara la kudekia.

Nilipopata mimba ya Solange, chupa ndiyo iliyopongezwa. Mama mkwe alikuwa ameipika upya, anaiweka mlangoni kwangu, mimi naimwaga chooni, na kila siku anaokota chupa tupu kwa furaha. Wanawake wakaanza kuja kutoka Rugerero, kutoka Nyundo, kutoka Goma kwenyewe. Nilisema. Nilisema kwa wifi, nilisema kwa majirani, nilisema na kwenye ubatizo. Niliwaambia ni kinini iliyonifunga na kuacha kinini ndiko kulikonifungua. Walicheka. "Mutanzania hana shukrani," walisema. Mwishowe nikachoka. Ukipigia zumari watu waliokwisha kuanza ngoma yao, unajichosha pumzi.

Hayo yote yalinipitia pale kwenye mkeka, na Solange bado amechuchumaa na chupa yake, waombolezaji wameanza wimbo mwingine. Sikujua kama alikuwa anakunywa. Alinificha, na ninaelewa kwa nini: alishanisikia nikiitukana dawa ile tangu utotoni, na yeye pia aliniona mama asiye na shukrani. Nilimwuliza tangu lini. Akasema tangu Pasaka, bibi mwenyewe alikuwa anampa kabla hajaugua.

"Na unaiwezaje harufu hii?"

"Inatapisha, Mama. Lakini shangazi ananipatiaga kinini za kutuliza tumbo."

Akafungua mkoba. Kipande cha gazeti, kimekunjwa vile vile. Nilikifungua kwenye mapaja yangu, nikaviona vyeupe, havina boksi wala jina. Nilimsogelea mwanangu mpaka kitambaa chake cha kichwa kikagusa changu, nikamwuliza kwa sauti ndogo kama siku zake zinakuja. Akatikisa kichwa. Nikamwuliza kama nguo zake zinalowa hapa.

Solange alitazama kwanza mlangoni, kisha akakunja mikono kifuani haraka.

"Nani amekuambia?"

Niliinuka. "Vaa viatu," nikamwambia. Wimbo ulikatika. Verediana, mzee sasa, akanishika sketi kutoka pale alipokaa: "Munaenda wapi? Kilio haijaisha! Batu batasema nini?"

"Tunaenda kwa daktari, wifi. Na waseme."

Chupa niliiacha mlangoni, imeinama, inajimwagia yenyewe kwenye ngazi. Vile vidonge sikuviacha. Nilivifunga kwenye pindo la kitenge changu, fundo la kukaza, maana daktari atauliza, na safari hii hakuna atakayesahau.